Picha ya Mama Haimo

(Maneno ya kamati ya uchangishaji yaliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa watu wa nyumbani, Dar es Salaam)



Baadhi yenu mliopokea kijitabu cha mwaka huu pale mlangoni mmekifungua, mkakifunga, kisha mkatuuliza: mbona hakuna picha ya mgonjwa? Tunachangia wodi ya wazazi. Kila aliyewahi kuchangisha anajua kwamba picha ya mama aliyelala sakafuni na kichanga chake pembeni hufungua mifuko kuliko hotuba ya mheshimiwa yeyote. Ni kweli kabisa. Lakini kijitabu kina picha ya jengo lilipofikia, mchoro wa fundi na hesabu ya mabati. Mama hayumo. Kamati imeamua hivyo kwa makusudi, na muda tuliopewa leo tutautumia kueleza sababu, maana sababu yenyewe haiishii kwenye picha moja. Inahusu jinsi tunavyoishi ndani ya simu siku hizi, wazazi na watoto, walioko mlimani na walioko mbali.

Kuna watu husema zamani kila mtu alikuwa na siri zake, simu ndiyo imekuja kuziharibu. Sisi tuliokulia Usangi tutakuwa waongo tukisema hivyo. Barua kutoka Dar es Salaam au Tanga ilipitia sanduku la posta la shule au la kanisa, ama ilipandishwa mlimani na kondakta wa basi. Ilifika mikononi mwa bibi ambaye hakujua kusoma. Bibi alimwita mjukuu wa darasa la tano, akamkalisha karibu na mafiga, akamwambia soma. Mjukuu akasoma yote: baba amesimamishwa kazi, mama mdogo ni mjamzito, pesa ya kahawa imekwisha kabla ya ada. Mtoto wa miaka kumi na moja alijua mambo ya ukoo kuliko mwenyekiti wa kijiji. Ila alijua pia kwamba akitoka na neno lile nje, siku hiyo halali bila fimbo. Siri ilikuwa ya watu wengi, lakini watu hao walihesabika, na kila mmoja wao alijua nani atamuuliza.

Hata kifo kilitangazwa. Wenye umri wetu mnayakumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania: fulani amefariki, mazishi yatafanyika mahali fulani, habari ziwafikie ndugu wafuatao popote walipo. Nchi nzima ilisikia. Lakini tangazo lile lilipelekwa na wafiwa wenyewe, kwa majina waliyoyachagua wao. Jirani hakwenda studio kumtangaza marehemu wa nyumba nyingine kabla mjane hajaambiwa.

Kwetu Upare tunaijua ndiva. Maji yanayokusanyika mle ni ya wote, hakuna anayeweza kusema ni yangu peke yangu. Lakini kuna wa kuziba na wa kuzibua, kuna zamu, na aliyezibua usiku bila zamu alijua kesi yake itachukua siku ngapi. Habari za nyumba zilikwenda kwa utaratibu wa namna hiyo. Zilikuwa za wote, zikapita mikononi mwa watu wenye zamu.

Sasa tuje kwenye kundi letu la WhatsApp.

Hatutaki mtu aondoke hapa akidhani tunalisema vibaya. Kundi hili ndilo lililoukusanya tena ukoo ambao ulikuwa umetawanyika. Wapo wenzetu Muscat, London na Minnesota ambao kwa miaka walikuwa wakisikia habari za nyumbani mara moja kwa mwaka, Desemba, kwa mtu aliyepita. Leo wanaona barabara ya kupandia ilivyokatika kwa mvua kabla ya diwani kuiona. Mama zetu wanaona sura ya mjukuu aliyezaliwa ng'ambo, ingawa kwa hilo inabidi wapande mpaka pale kwenye mwinuko panapokamata mtandao, na bando likiisha katikati ya kicheko ndiyo basi tena. Wodi hii isingefika hapa ilipofika kwa barua na kadi za mchango peke yake. Ni kweli kwamba miaka ya 1940, wakati wa vuguvugu la mbiru dhidi ya kodi ya mkoloni, babu na bibi zetu waliitana kwa maelfu pasipo simu hata moja. Lakini walikuwa wote mlimani. Sisi tumetapakaa.

Tatizo letu liko mahali pengine, na tunaomba mtusikilize kwa utulivu hapa. Ndani ya kundi moja yumo babu wa miaka themanini, mkwe wake, mwalimu aliyemfundisha mkwe, kijana anayetafuta kazi, binti aliyeolewa juzi na wifi zake wote. Nyumbani watu hawa hawakai chumba kimoja. Kuna maneno ya wazee barazani, kuna maneno ya akina mama jikoni, kuna maneno ya vijana njiani kwenda kuchota maji, na mtu akitoka sehemu moja kwenda nyingine anabadilisha hata sauti. Simu imebomoa kuta hizo zote. WhatsApp ilianza na makundi madogo, na siku hizi kundi moja linaruhusu watu mpaka 1,024. Huo si ukoo tena, ni mkutano wa hadhara.

Kwa hiyo vijana wananyamaza. Wazee wetu wanasema: hawa watoto hawana adabu, ujumbe wameusoma, alama mbili za bluu zinaonekana, hawajibu hata amina. Wengine wamelefti kabisa na hawakuaga. Sisi tumekaa na vijana hao na kuwauliza. Wanatuambia kwamba wana kundi lao dogo, wanazungumza sana, wanachanga pia. Mbele ya mama mkubwa na shemeji hawana la kusema ambalo halitageuzwa. Kijana hawezi kuuliza kwenye kundi la watu mia kadhaa kama kuna mtu anajua nafasi ya kazi, kwa sababu kesho yake shangazi wa mtu mwingine atampigia mama yake simu kumpa pole kwamba mwanawe bado anahangaika.

Hapa tumeona jambo ambalo limetushangaza. Kila kizazi kinaamini kizazi kingine hakina siri. Wazee wanaona binti anacheza TikTok, uso wake na jina lake vyote nje, wanauliza huyu ni mtoto wa nani, haya imekwenda wapi? Binti huyohuyo amekaa akapanga kwenye simu yake stetasi ione nani na isione nani. Shangazi zake wote amewafungia nje, nao hawajui. Anayoyaonyesha ni ya kwake, ameyachagua mwenyewe. Ya moyoni hayaandiki popote. Kisha mgeukie baba mdogo, mtu wa heshima, ambaye hajawahi kuweka picha yake mwenyewe hata siku moja. Huyo ndiye anayeweka kwenye kundi matokeo ya kidato cha nne ya mtoto wa kaka yake, divisheni na masomo yote, halafu anaandika tumwombee. Ndiye anayeweka picha ya mgonjwa. Vijana wanashika kichwa: hivi huyu mzee haoni kwamba haya si ya kwake?

Wote wawili wana haya, tena nyingi. Mzee analelewa na fikra kwamba jambo la mtu ni la ukoo, na ukoo ukiliona umelibeba. Kijana amekulia mahali ambapo jambo likishatoka halirudi, linapigwa picha ya skrini na kukaa kwenye simu ya mtu usiyemjua miaka kumi. Hatusemi kijana ana haki kwa yote. Kuna ugonjwa anaouficha mpaka unamwua ilhali ukoo ungembeba. Lakini kwa habari ya simu, kijana ameielewa vizuri zaidi kuliko sisi tuliomzaa. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa njiani, hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma, na wazee wetu wakiambiwa hivyo wanafarijika. Hilo halizuii mtu mmoja kati ya wale mia kadhaa kubonyeza na kuusogeza mbele. WhatsApp imepunguza idadi ya mahali mtu anapoweza kuusogeza ujumbe kwa mara moja, ikawa watano, na ule uliokwisha kuzunguka sana ukawa mmoja. Mnaona wenyewe haijasaidia sana.

Tutoe mfano wa msiba, kwa sababu hapo ndipo tunapoumia.

Desturi yetu mnaijua. Mtu hafikiwi na taarifa ya kifo cha mzazi wake kama anavyofikiwa na bei ya mahindi. Wajomba na baba wadogo hukaa, wakaamua nani ataongea naye. Kama yuko mbali, hutafutwa mtu wa huko amfuate, ahakikishe amekaa, amekula, hayuko barabarani anaendesha gari. Wengine huambiwa kwanza mgonjwa amezidiwa, rudi nyumbani. Vijana wa leo husema huo ni uongo. Sisi tunauona ni mto wa kuwekea kichwa.

Sasa ipo nyumba moja, hatutaitaja, ambayo mama alifariki alfajiri hospitalini. Kijana wake alikuwa kazini nchi za Ghuba. Wazee walikuwa bado wanatafuta namba ya rafiki yake wa karibu ili amfuate. Kumbe mtu aliyesoma naye shule ya msingi alikuwa amekwisha kuweka picha ya mama yule kwenye stetasi, na mshumaa, na maneno pumzika kwa amani mama yetu. Aliweka kwa upendo, hilo hatuna shaka nalo. Kijana aliiona akiwa juu ya jukwaa la ujenzi. Alipowapigia wazee, hakuwauliza mama amefariki lini. Aliwauliza watu wangapi walijua kabla yake. Swali hilo wazee wale hawana jibu lake mpaka leo, na kijana amezika akarudi alikotoka bila kulizungumza tena.

Turudi kwenye picha ya mgonjwa. Ndugu akilazwa, mtu hupiga picha: mirija, pampu ya dripu, shuka lililoteleza. Inawekwa kwenye kundi pamoja na namba ya kutumia mchango. Pesa zinakuja, hatukatai. Wiki mbili baadaye mgonjwa anatoka, Mungu akijalia. Anarudi dukani kwake, anafundisha darasani kwake, na kila anayemsalimia amekwisha kumwona katika hali ambayo hata watoto wake wa kuzaa hawakutakiwa kumwona nayo. Hakuna aliyemwuliza. Alikuwa amelala. Na mama anayejifungua ni zaidi ya hapo, kwa maana mtoto aliye pembeni yake hajaulizwa na hataweza kuulizwa kwa miaka mingi, ila picha itamsubiri.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake. Taarifa za afya ya mtu na taarifa za watoto zinahesabiwa kuwa nyeti. Hatuitaji sheria hii ili watu waanze kupelekana mahakamani. Watani wetu tayari wanasema Mpare huuza ng'ombe ili apate nauli ya kesi ya kuku, tusiwape la kuongeza. Tunaitaja kwa sababu chama kinachoomba watu pesa kwa jina la wodi hakiwezi kuanza kwa kuwavua nguo watakaolala humo.

Kuna jambo la orodha pia, na hili tunajua halitawapendeza wote. Mmezoea orodha inayozunguka kwenye kundi: namba moja fulani laki tano, namba mbili fulani laki moja, kila mtu anainakili na kujiongeza chini. Wazee wanaitetea kwa hoja nzito: kiasi kisipoonekana, pesa italiwa. Wamewahi kuona vyama vikifa hivyo. Vijana wanasema orodha hiyo ndiyo inayowafukuza. Aliyemaliza chuo mwaka wa tatu huu na hana kazi anaona jina lake halimo, au limo na mbele yake pana elfu mbili, wakati wenzake aliosoma nao wameandika laki. Anazima simu. Mwaka unaofuata haji mkutanoni, na mwaka wa tatu haji hata kwenye msiba, kwa aibu ya elfu mbili.

Kamati imezisikiliza pande zote na tunawaambia tulichoamua. Pesa iliyoingia na iliyotoka itatangazwa mpaka shilingi ya mwisho: mabati mangapi, saruji mifuko mingapi, fundi kalipwa nini, risiti zimebandikwa. Hiyo ni mali ya wote na hakuna siri ndani yake. Alichotoa mtu mmoja mmoja kitabaki kwenye daftari la mhazini. Mwenye mchango ataonyeshwa ukurasa wake, wakaguzi wataona lote. Kwenye kundi litatoka neno moja tu, wamechangia, na majina kwa alfabeti. Anayetaka kujitangaza ajitangaze mwenyewe, hatumzuii mtu kufurahi.

Habari za misiba na ugonjwa zitapita kwa watu wawili katika kila kijiji, mzee mmoja na kijana mmoja, wakishazungumza na wenye nyumba. Mpaka wao waweke tangazo, wengine tunaomba mkono utulie. Picha ya mgonjwa haitawekwa. Matokeo ya mtoto atayatangaza mtoto.

Neno la mwisho linawahusu bibi na babu zetu, na hapa msidhani tumehama mada. Yule mjukuu aliyesoma barua karibu na mafiga bado yupo. Sasa ameshika kitochi cha bibi, anamsomea salio, na namba ya siri anaijua yeye. Wengi wa wajukuu hawa ni waaminifu na tunawashukuru. Lakini matapeli nao wanasoma makundi yetu. Ukishaandika kwenye kundi kwamba bibi fulani amebaki peke yake, mwanawe yuko Oman, mjukuu anaitwa nani na yuko shule gani, umempa tapeli maneno yote anayoyahitaji. Zamani alibahatisha tu, ile pesa tuma kwenye namba hii. Siku hizi anapiga na kuanza na jina la mjukuu. Tafadhalini, wakalisheni bibi zenu Desemba hii mkipanda. Mwambieni ukweli kwamba mwana anayeomba pesa ya ghafla apigiwe kwanza kwa namba iliyozoeleka. Ujumbe wa utapeli unapelekwa 15040, na kwa kubonyeza *106# mtu anaona laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wapo wazee waliokuta namba wasizozijua. Wenye simu janja, ile namba ya tarakimu sita ya WhatsApp usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kama mweka hazina wa chama hiki. Mhazini wetu hataiomba.

Tunajua mtatupima kwa jengo. Bila picha ya mama, huenda makusanyo ya leo yakapungua, na wapo ndani ya kamati waliotuonya hivyo mpaka jana usiku. Wodi imefika kwenye lenta. Kilichobaki ni paa, sakafu, tanki la maji na kuta fupi za kutenganisha kitanda na kitanda, ambazo hazikuwamo kwenye mchoro wa kwanza na tumeziongeza kwa ombi la akina mama wenyewe. Gharama zake ziko ukurasa wa hesabu, zimetengwa peke yake ili mziulize.

Bahasha zimepangwa juu ya viti vyenu. Mtaona zina namba, hazina mahali pa kuandika jina. Mhazini na msaidizi wake wako kwenye meza ya karibu na mlango. Mkipeleka bahasha mtaandikiwa risiti palepale, na wasio na kitu leo watapewa kadi ya ahadi bila kuulizwa kwa sauti. Akina mama wa jikoni wanatukumbusha kwamba chakula kiko tayari, tuanze na wazee.